Robine moja, kle mbili: namna ya kuchagua kle ya kuweka na kutoa robine



Mwezi wa saba, katikati ya Sezo C, tulifika ku koperative moja ya mboga katika milima ya Kivu ya Kusini. Tulikuwa tumekuja kuangalia miche ya vitunguu na shu. Tulikuta vitanda vya miche vimekauka, majani yamelala chini. Siterni ya simenti, ile ya metre kibe 5, ilikuwa tupu. Karibu na robine, ukuta ulikuwa na ufa mukubwa, mutu angeweza kuingiza kidole.

Tuliuliza kulitokea nini. Kumbe robine ilikuwa inavuja kidogo. Kijana mumoja wa koperative, mwenye moyo wa kazi, aliazima kle kubwa ya meno kwa fundi wa magari. Robine ilikataa kutoka. Akaingiza kipande cha tiyo kwenye mukono wa kle ili apate nguvu zaidi, akavuta. Kitu kilizunguka kweli, lakini haikuwa robine. Ilikuwa ni tiyo iliyo ndani ya ukuta. Simenti ikapasuka, na usiku ule litre 5.000 zikaenda. Hiyo ni bido 250 za litre 20. Hakuna mutu angeweza kuzirudisha kwa kichwa kutoka mutoni, na kufika siku ya ine miche ilikuwa imekufa.

Watu walimukasirikia kijana. Lakini mama prezida wa koperative alitugeukia sisi, akasema: «Agronomu, mulituletea siterni na robine. Kle ya kuitengeneza, hamukutuletea. Na namna ya kuishika, hamukutuonyesha.»

Alikuwa na haki. Sisi ku institute tulisoma udongo, mbegu, magonjwa ya mimea na hesabu ya maji ambayo shamba linahitaji. Kushika kle, tulijifunza nyuma, kwa mafundi wa maji. Leo tunawaandikia yale waliyotufundisha, ili siterni yenu isipasuke.

Angalia kwanza kitu unachotaka kushika

Watu wengi wanachagua kle kwa ukubwa: kitu kikikataa, wanatafuta kle kubwa zaidi. Ni kosa. Kle inachaguliwa kwanza kwa umbo la kitu itakachoshika. Chukueni robine mukononi, muiangalie vizuri. Kuna fasi iko na pande bapa, mara nyingi pande 6, sawa kichwa cha bulo. Na tiyo yenyewe ni ya muviringo, haina pande. Vitu hivi viwili havishikwi na kle ya namna moja.

*Kle ya molete.* Ni ile kle yenye taya laini, bila meno, na kagurudumu kadogo ka kufungua na kufunga taya. Hii ndiyo kle ya robine. Inashika pande bapa bila kuziharibu. Robine nyingi ni za shaba ya njano, na shaba hiyo ni laini kuliko chuma. Kle yenye meno inaikwangua na kuila pembe. Pembe zikisha kulika, siku ya kutoa robine hakuna kle itashika tena.

*Kle ya grifi.* Hii ni ile kle nzito yenye meno, ambayo wengine wanaita kle ya tiyo. Kazi yake ni kushika kitu cha muviringo, sawa tiyo ya chuma. Meno yake yanauma tiyo, na kadiri unavuta ndivyo yanazidi kuuma. Inauma upande moja tu: ukiigeuza vibaya, inateleza. Ni kle nzuri sana kwa tiyo ya chuma. Kwa robine ya shaba ni adui. Kwa tiyo ya plastike ni adui zaidi, juu inaweza kuibana mpaka ipasuke.

*Pensi ya multiprize.* Hii iko karibu katika kila nyumba ya fundi. Inasaidia kushika kitu kidogo kisizunguke. Lakini isitumiwe kukaza robine. Nguvu yake inategemea vidole vyako. Vidole vikichoka inateleza na kula pembe za shaba.

*Mukono wenyewe.* Rakoro za plastike nyeusi, zile za kuunga tiyo za polietileni, zinakazwa kwa mukono. Mafundi wa kweli hawatafuti kle kwa zile ndogo. Zile kubwa zina kle yao ya plastike au ya mukanda.

Je, kama robine haina pande bapa, ni muviringo yote? Ziko za namna hiyo katika soko zetu. Kateni kipande cha shambreri ya kinga iliyozeeka, mukizungushie robine mara mbili, kisha mushike juu yake na kle ya grifi polepole. Mupira unazuia meno yasikwangue shaba.

Ukubwa gani?

Hapa watu wengi wanapotea dukani. Mwenye kuuzisha anauliza: «Unataka demi puse ao 15/21?» Mukulima anafikiri ni vitu viwili. Ni kitu kimoja. Demi puse ndiyo 15/21. Robo tatu ya puse ndiyo 20/27. Puse moja ndiyo 26/34. Robine nyingi za koperative zetu ni za namna mbili za kwanza.

Tena musidanganywe na metre. Demi puse ni karibu milimetre 13, lakini mukipima filete ya inje ya robine ya demi puse, ile mistari inayozunguka fasi ya kuingia, mutakuta karibu milimetre 21. Robo tatu itawapa karibu 26, na puse moja karibu 33. Jina linatoka kwa tundu la ndani la tiyo za zamani. Basi mutu anayepima inje na kununua kwa kipimo kile, anarudi nyumbani na robine isiyoingia.

Pande bapa za robine ni pana kuliko filete, kwa hiyo kle inapaswa kufunguka zaidi ya hapo. Kle ya molete inauzishwa kwa urefu wa mukono wake. Ile ya milimetre 200 inafunguka karibu milimetre 24, na kwa robine nyingi haitoshi. Ile ya 250 inafunguka karibu 30, inashika karibu kila robine ya demi puse na nyingine nyingi za robo tatu. Ile ya 300 inafunguka karibu 35. Viwanda havifanani. Kwa hiyo muende dukani na robine yenyewe mukononi, mujaribu pale pale mbele ya kulipa.

Kama koperative iko na makuta ya kle moja ya molete tu, tunashauri ile ya 250. Kwa kle ya grifi, ile ya puse 14, ni kusema karibu santimetre 35, inatosha kwa tiyo zote za robine zetu.

Musinunue mbio mbio. Shikeni taya inayotembea, muitikise. Ikicheza sana, kle ile itateleza siku ya kazi. Muzungushe kagurudumu kutoka mwanzo mpaka mwisho: kasikwame, na kasirudi nyuma kenyewe. Kwa kle ya grifi, mupitishe kidole polepole juu ya meno. Yakiwa laini sawa jiwe la mutoni, ni kle iliyokwisha kuchoka.

Kwa nini kle mbili

Hii ndiyo habari yenyewe ya barua hii. Kama mutasahau mengine yote, mushike hii: kle moja inazungusha, kle ya pili inazuia.

Ukizungusha robine, nguvu ya mukono wako haisimami ku robine. Inapita katika filete, inaingia ndani ya tiyo, inatembea mpaka fasi iliyo zaifu. Inaweza kuwa kiungo kilicho chini ya udongo. Inaweza kuwa ukuta wa siterni. Inaweza kuwa rakoro ya plastike iliyo metre mbili mbali. Kule ndiko kutavunjika, na mara nyingi hamutaona mpaka siku ya pili.

Kle ya pili inakata njia ile. Mushike tiyo ya chuma na kle ya grifi, karibu kabisa na robine. Kama robine imeingia katika manshoni ao vani yenye pande bapa, mushike pande zile na kle nyingine ya molete. Kisha muzungushe robine na kle ya kwanza. Muweke mikono ya kle zote mbili karibu karibu, sawa miguu ya mukasi, kisha mukaze mikono miwili pamoja. Nguvu moja inapigana na nyingine, na tiyo inabaki imetulia. Mutu mumoja anaweza kuifanya peke yake.

Kijana wetu wa Sezo C hakukosa nguvu. Alikosa kle ya pili.

Tiyo ya kurefusha mukono: hapana

Mutu akivuta na nguvu ya kilo 20 kwenye kle ya santimetre 25, robine ya demi puse inakazika vizuri. Akiongeza kipande cha tiyo mpaka mukono ufike santimetre 75, nguvu ile ile inakuwa mara tatu. Ni sawa na kusimamisha watu watatu kwenye kle moja. Shaba haiwezi kuvumilia, na simenti pia. Ikikataa kwa kle ya kawaida, iko na sababu. Tutafute sababu, tusiongeze tiyo.

Namna ya kuweka robine mupya

1. Mufunge maji ku vani ya juu, kisha mufungue robine ili tiyo imalize maji. Muweke bido chini, maji yale yaende kwa miche.

2. Musafishe filete za tiyo na burushi ya chuma ao kitambaa. Tefloni ya zamani itoke yote.

3. Muzungushe tefloni mupya juu ya filete ya robine. Filete ikiwa inawaangalia, muzungushe kufuata mishale ya saa. Mukigeuza upande mwingine, tefloni itajikunja na kutoka wakati wa kukaza. Kwa tefloni nyembamba ya soko, mizunguko 10 hivi inafaa. Muache mustari wa kwanza bila kitu, ili robine ipate njia ya kuingia.

4. Muingize robine na mukono, bila kle. Inapaswa kuzunguka mara kadhaa kwa vidole tu. Ikikwama tangu mwanzo, imeingia pembeni. Mutoe, muanze tena. Kle inayolazimisha robine iliyoingia pembeni inakula filete, na filete iliyolika haiponi.

5. Sasa mutumie kle mbili. Mukaze polepole, muzunguko moja ao miwili, mpaka robine iangalie chini. Muende mbele tu. Mukipita, musirudishe nyuma ili kunyoosha, juu tefloni inakatika na robine itavuja. Afazali kutoa yote na kuweka tefloni mupya.

6. Mufungue maji kidogo kidogo. Mupitishe karatasi kavu kuzunguka kiungo. Ikilowana, mukaze kidogo tena.

Mukiweka robine ya shaba ndani ya rakoro ya plastike, muwe waangalifu zaidi. Mukaze na mukono, kisha nusu ya muzunguko ao muzunguko moja kwa kle, basi. Rakoro ya plastike inapasuka kimya kimya. Zipo rakoro zenye pete ya chuma ndani. Zinagarimu zaidi, lakini kwa robine inayofunguliwa mara mia kwa siku, zinafaa.

Kwa vani ya mukono moja, ile inayofunga kwa robo ya muzunguko, kuna jambo moja ambalo hata mafundi wengine wanasahau. Iko na pande bapa huku na huku. Mushike upande ule unaoingia katika tiyo, si upande wa mbali. Mwili wake ni vipande viwili vilivyoungwa kwa filete. Mukishika upande wa mbali, munaweza kuvilegeza, na vani mupya itaanza kuvuja katikati.

Namna ya kutoa robine iliyokwama

Kutoa ni kazi ngumu kuliko kuweka. Robine iliyokaa miaka mingi imeshikwa na kutu na chokaa ya maji.

Kwanza, mujiulize: kweli inafaa kutoka? Kama maji yanatoka mudomoni wakati robine imefungwa, mara nyingi robine haijakufa. Ni kapira kadogo ka ndani kamekwisha. Mufunge maji, mushike kichwa cha robine na kle ya molete, mukifungue, mubadilishe kapira. Mwili wa robine unabaki fasi yake. Hata hapa, mukono wa pili ushike mwili usizunguke. Koperative nyingi zinanunua robine mupya juu ya kapira ka bei kidogo tu.

Kama ni lazima itoke, mufanye hivi. Mufunge maji na kumaliza yale ya ndani ya tiyo. Musugue kutu na burushi ya chuma. Muweke matone ya mafuta ya kulegeza kutu kwenye kiungo, muache usiku muzima. Asubuhi, mugonge mwili wa tiyo pembeni ya kiungo na marto mudogo, polepole, ili kutu ipasuke. Kisha muweke kle mbili. Mbele ya kulegeza, mujaribu kukaza kidogo sana. Mara nyingi harakati ile ndogo inavunja kutu. Halafu mulegeze, mukirudi na kuendelea, mbele na nyuma. Robine ikisha kutoka, mupanguse mafuta yote na muache maji ya kwanza yaende inje. Watu wasiyakunywe.

Moto musiutumie kama kuna plastike karibu. Na kama robine inakataa hata na kle mbili, muache. Mumuite fundi wa maji. Malipo yake ni kidogo kuliko siterni.

Weka vani kati ya ukuta na robine

Siterni ya koperative ile tulisaidia kuitengeneza. Safari hii, kati ya ukuta na robine tuliweka vani. Ni kitu kidogo, lakini kinageuza mambo mawili. Wakati robine inaharibika, munafunga vani na siterni inabaki na maji yake. Na wakati wa kutoa robine, kle ya pili inashika pande bapa za vani, nguvu haifiki ukutani.

Kle ni ya koperative

Kle iliyo nyumbani kwa mutu iko mbali siku ya taabu. Tunashauri kila koperative yenye maji inunue kle ya molete moja, kle ya grifi moja, burushi ya chuma, tefloni na kapira kadhaa, viwe katika sanduku moja. Bei zinabadilika kwa kila soko, hatuwezi kuwaandikia. Lakini mugawanye bei ile kwa hesabu ya memba wote, mutaona kila mutu anatoa kidogo. Mutu mumoja achunge sanduku, na kila anayeazima aandike jina katika daftari. Kle zikauke mbele ya kurudi sandukuni, na kagurudumu kapate tone moja la mafuta kila mwezi.

Musingojee Sezo C. Mwezi wa tano, wakati mvua inakaribia kuisha, muzunguke ku robine zote. Ile inayovuja, muweke chupa ya nusu litre chini yake. Ikijaa kwa dakika 10, inapoteza litre 72 kwa siku. Ni bido tatu na zaidi, na katika kiangazi bido tatu ni maji ya miche.

Ku koperative ile ya milimani, mwenye kuchunga sanduku ni yule kijana. Mama prezida mwenyewe alimuchagua. Alituambia: «Yeye hatasahau kle ya pili.»